Mjini au shamba? Siku zangu nne Maskati

Niseme ukweli tangu mwanzo: sikwenda Maskati kutafuta asili yangu. Nilikwenda kwa sababu tiketi ilikuwa rahisi, siku zangu za likizo kazini zilikuwa zinakaribia kupotea, na Januari ya Northampton ni kitu cha kukimbiwa. Binamu yangu alikuwa aje nami. Wiki moja kabla ya safari akapata kazi mpya, akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne wa kuomba radhi, mimi nikabaki na chumba cha vitanda viwili na roho ya wasiwasi.

"Peke yako?" Mama akauliza. "Mtoto wa kike, nchi ya watu?"

"Mama, nina miaka 34."

"Ndiyo nasema. Mtoto wa kike."

Mliosikiliza kipindi chetu cha safari mnakumbuka niliahidi kuandika yale niliyoshindwa kuyasema mbele ya maikrofoni. Basi haya ndiyo. Ndani yake mna mambo ya kutembelea, mna ya mabasi na bei, na mna jambo moja ambalo bado limenikaa kooni.

Mji mrefu kama kamba

Kwanza, Maskati haiko mahali pamoja. Ni miji midogo mingi iliyounganishwa na barabara kuu, milima mikavu upande mmoja, bahari upande wa pili. Kuna Maskati yenyewe, ya zamani, yenye kasri na ngome. Kuna Mutrah, penye bandari na soko. Kuna Ruwi, ya mabenki na mikahawa ya Kihindi. Halafu unakwenda, unakwenda, unapita Qurum, unapita Al Khuwair, mpaka Seeb huko kwenye uwanja wa ndege. Ukidhani utafanya kama London, ushuke kituoni utembee toka kivutio hiki mpaka kile, utaumia miguu. Mabasi yapo, masafi na nafuu, lakini hayafiki kila pahala. Mimi nilichanganya basi na teksi.

Pili, riali moja ni karibu pauni mbili, na inagawika baisa 1,000. Siku ya kwanza niliambiwa chai ni "mia mbili" nikashtuka. Kumbe baisa.

Tatu, mji ni mfupi. Hamna maghorofa ya kushindana na mawingu kama Dubai. Majengo ni meupe au rangi ya mchanga, na jioni jua likiyapiga unahisi mtu kaosha macho yako. Wanaume wanavaa kanzu zisizo na kola, zenye kishada kidogo shingoni wanachokitia manukato. Kichwani wana kofia za kudariziwa ambazo ukiziona tu unamkumbuka mzee fulani wa ukoo wenu. Wao wanaita kumma. Sisi tunasema kofia ya viua. Mkono wa sindano ni ule ule.

Na usiku kando ya barabara kuna moshi na harufu ya nyama. Wanauza mishkak. Sihitaji kuwatafsiria.

Chetezo juu ya kilima

Siku ya kwanza nilitembea kutoka Mutrah mpaka Maskati ya zamani kwa barabara ya ufukweni, wenyewe wanaiita Corniche. Ni kilomita tatu, nne hivi. Kijana wa mapokezi hotelini alinitazama kama nimesema nitaogelea. Lakini Januari kunatembeleka. Ukija Juni usijaribu, joto linapita digrii 40.

Njiani unaona nyumba kongwe nyeupe zenye roshani zinazotazama bahari, unaona mashua, unaona meli kubwa za watalii. Ukifika Riyam, juu ya kilima kuna chetezo. Sisemi sanamu ndogo. Ni jengo zima jeupe lenye umbo la chetezo. Nilisimama nikacheka peke yangu. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na chetezo cha udongo alichokitia ubani kila Alhamisi jioni, na sisi watoto tukilalamika kwamba nguo za skuli zitanuka. Huku wamekijengea kilima.

Ukiendelea unafika kwenye lango la mji. Hadi mwaka 1970 milango ya Maskati ilikuwa ikifungwa usiku, na aliyetembea baada ya hapo ilibidi ashike taa mkononi ili aonekane ni nani. Fikiria. Wazazi wetu wengi walikuwa wameshazaliwa.

Ndani kuna kasri ya Al Alam, ya mwaka 1972, yenye nguzo za buluu na dhahabu. Huingii, unapiga picha nje tu. Nyuma yake, kwenye majabali ya bahari, zimekaa ngome mbili, Jalali na Mirani. Wareno waliuteka mji huu mwaka 1507 na wakakaa mpaka 1650, Waomani walipowatoa. Hawakuishia hapo. Waliwafuata Wareno mpaka pwani yetu, na mwaka 1698 wakaichukua Fort Jesus ya Mombasa. Ngome Kongwe ya Unguja, ile mnayopigia picha za harusi, Waomani waliijenga baada ya hapo.

Ukiwa na mizizi ya pwani ukasimama mbele ya ngome zile, ni kama kumwona mtu usiyemjua amevaa nguo ya baba yako. Unaitambua nguo. Yeye humjui.

"Usinunue hapo, mwanangu"

Siku ya pili nilikwenda soko la Mutrah. Watu wa zamani waliliita Soko la Giza, kwa sababu vichochoro ni vyembamba na vimefunikwa juu, jua halifiki. Mlangoni ni vitu vya watalii: sumaku za friji, vitambaa, majambia ya bandia. Ukizama ndani zaidi ndipo unapokuta udi, dhahabu, vikoi, viungo, na ubani wa Dhofar kwenye magunia.

Nilikuwa nimeshika mfuko wa ubani huku nikizungumza na Mama kwenye simu. Nilikuwa nanong'ona, kwa sababu Kiswahili changu nakionea haya. Mnajua hali yetu. Nyumbani nasikia kila kitu, lakini nikifungua mdomo ngeli zinanipiga chenga, na shangazi zangu wana ile namna ya kutabasamu. Tena nikiwa na Mama, Mama ndiye anayejibu. "Huyu anaelewa, ila hasemi sana." Miaka 34 nimetambulishwa hivyo.

"Mama, wallahi huyu anataka riali tano."

Nikasikia sauti nyuma yangu. "Usinunue hapo, mwanangu. Huyo kakuona mgeni."

Nikageuka. Mwanamke wa makamo ya bibi yangu, buibui jeusi, miwani, mkoba mkubwa. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja safi, cha kuvuta, kile ambacho sijakisikia tangu bibi afariki.

"Nani huyo?" Mama akauliza simuni.

"Nitakupigia baadaye," nikasema, nikakata. Sijawahi kumkatia Mama simu maishani mwangu.

Nikatoa shikamoo. Akaitikia marahaba kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu alichokipoteza. Akanichukua duka la nne au la tano kwenda ndani, akaniambia ubani mzuri ni ule unaokwenda kwenye ukijani, unaopenyeza mwanga. Ule wa kahawia wauziwe watalii. Akapatana bei kwa Kiarabu, akanigeukia kwa Kiswahili, akamjibu kijana wa dukani kwa Kihindi. Nikalipa riali mbili.

"Kwenu wapi?"

"Nimezaliwa Uingereza. Wazee wangu Unguja."

"Mjini au shamba?"

Kwa mliokulia nje: hilo si swali dogo. Unguja swali hilo linauliza nyumba yenu ilikuwa ya mawe au ya udongo, mlikuwa na shamba au mlilima la mwenzenu. Linauliza ninyi nani. Mama angekuwepo angezungusha maneno. Mimi sikujua kuzungusha.

"Shamba," nikasema.

"Aaa," akasema. Ile aaa ya Unguja ambayo inaweza kuwa lolote. Kisha, "Kesho alasiri njoo kwangu unywe kahawa. Mtu hali peke yake hotelini kama yatima."

Jina lake silitaji, kwa sababu alinikaribisha mimi, hakuwakaribisha ninyi nyote. Nitamwita Bi Mkubwa.

Wakati Unguja ilikuwa mji mkuu wa Maskati

Inawezekana mnajiuliza: Kiswahili kimefikaje huko? Nieleze kwa ufupi, maana mimi mwenyewe skuli za Uingereza nilisoma wake sita wa Henry VIII mara tatu na haya sikufundishwa hata mara moja.

Majahazi yalikuwa yakishuka na kaskazi kuja kwetu na kurudi na kusi, karne kwa karne. Katika miaka ya 1830 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati, akahamishia makao yake Unguja. Yaani kwa muda fulani mji mkuu wa Maskati ulikuwa Unguja. Akatia mkazo kwenye mikarafuu, na mikarafuu ikataka mikono, na mikono ikaletwa kutoka bara kwa minyororo. Alipofariki mwaka 1856 wanawe wakagombana, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua: Maskati ya mmoja, Unguja ya mwingine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Halafu ikaja tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi. Sultani wa mwisho, Jamshid, alikimbilia Uingereza, akaishi Portsmouth zaidi ya miaka 50. Waunguja wengi wenye asili ya Omani waliuawa, na wengine wakatawanyika: Dubai, Cairo, London, Mombasa. Mwaka 1970 Sultan Qaboos alipotwaa utawala Oman, aliwaita Waomani wa nje warudi kujenga nchi. Wakaja na elimu yao, na vitumbua vyao, na Kiswahili. Ndiyo maana mpaka leo ukikaa kwenye mkahawa wa Maskati, meza ya nyuma wanaweza kuwa wanakusengenya na ukaelewa kila neno.

Zulia na kikombe

Asubuhi ya siku ya tatu nilikwenda Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Kama utatembelea kitu kimoja tu Maskati, kiwe hicho. Ulifunguliwa mwaka 2001 baada ya ujenzi wa miaka sita. Mnara mkubwa una mita 90. Taa inayoning'inia ukumbini ina urefu wa mita 14. Zulia lilifumwa kwa mkono na wanawake wapatao 600 kutoka Iran, kwa miaka minne, na lina uzito wa tani 21. Wasio Waislamu wanaruhusiwa asubuhi, saa mbili mpaka saa tano, isipokuwa Ijumaa. Wanawake, chukueni mtandio wenu na nguo ndefu. Wakiona kifundo cha mguu wanakurudisha.

Nilikaa kwenye marumaru ya uani karibu saa nzima. Kusafiri peke yako kuna raha hiyo: hakuna anayekwambia twende. Hakuna pia wa kumwambia tazama. Kila nilipoona kitu kizuri mkono ulikwenda kwenye simu kumtafuta mtu wa kumwonyesha.

Nikiwa kwenye teksi kuelekea kwa Bi Mkubwa (anwani nimeshamtumia Mama na binamu, na ninyi mfanye hivyo hivyo) simu ikalia. Ukumbi wa familia. Baba alikuwa ametuma picha ya sufuria la pilau, na chini yake ameandika: Mapinduzi Daima.

Ndiyo. Tarehe 12 Januari. Kwetu siku hiyo Baba anapika. Tangu nikiwa mdogo ni siku ya pilau, kachumbari, na hadithi za babu. Sikuifikiria zaidi ya hapo. Kweli kabisa, sikuifikiria.

Nyumba ya Bi Mkubwa ilikuwa ya ghorofa moja, ya rangi ya mchanga, mlango mkubwa wa mbao wa kuchongwa. Tukakaa chini kwenye zulia. Kulikuwa na tende, halua, mandazi, na mkate wa kumimina uliotoka jikoni sasa hivi. Mjukuu wake, binti wa miaka 15 hivi, akanimiminia kahawa ya iliki kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Nikanywa. Akajaza. Nikanywa, kwa adabu. Akajaza. Cha sita, Bi Mkubwa akaanza kucheka.

"Tikisa kikombe, mwanangu! Usipotikisa, huyu atakumiminia mpaka Isha."

Nikatikisa. Binti akacheka pia, akamwambia bibi yake kitu kwa Kiarabu. Bibi akamjibu kwa Kiswahili, binti akajibu kwa Kiarabu, kisha kwangu kwa Kiingereza. Nikajiona mimi mwenyewe, sebuleni Northampton.

"Huyu anaelewa," Bi Mkubwa akaniambia, "ila hasemi."

Nikasema viatu "zangu" nimeviacha mlangoni, akanirekebisha: vyangu. Hakutabasamu ile namna ya shangazi. Alirekebisha tu kama mtu anayemwondolea mwenzake uzi begani. Nikapata nguvu. Nikazidi kusema. Nilisema Kiswahili kingi mchana ule kuliko mwaka mzima uliopita. Na katika furaha hiyo nikatoa simu, nikamwonyesha picha.

"Na leo sikukuu, Bibi! Tazama, kwetu leo pilau."

Alitazama kwa muda mrefu. Akavua miwani.

"Kwenu pilau," akasema. "Kwetu khitma."

Jambo lenyewe

Nilitamani Mama awepo. Mama angejua la kusema, angebadilisha mazungumzo, angesifu halua. Lakini sikuwa na Mama, na Kiswahili changu hakina maneno ya kuzungukia jambo. Nikabaki nimeshika simu.

Bi Mkubwa hakupandisha sauti. Alikuwa na miaka tisa, alisema. Alikumbuka mama yake kuwalaza chini ya kitanda. Alikumbuka meli, na nguo moja. "Baba hakuja nasi. Basi." Alilitamka lile basi kama mtu anayefunga mlango taratibu. Walikaa Dubai kwa jamaa, wakaja Oman baada ya 1970. Akawa mwalimu.

"Nilikuja hapa na Kiswahili, na Kiingereza cha skuli, na Kiarabu cha Kurani," akasema. "Kule tuliitwa Waarabu. Tulipofika huku wakatuita Wazinjibari."

Hilo nililielewa bila kufundishwa. Nadhani kila anayesoma hapa analielewa.

"Nyinyi shamba wapi?" akauliza.

"Upande wa Dole."

"Sisi Kizimbani. Si mbali."

Ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini nilihisi nikinyamaza nitakuwa nimekula mandazi yake kwa hila. Nikamwambia babu yangu alipata eka tatu. Baada ya Mapinduzi serikali ilichukua mashamba na kuyagawa kwa familia, eka tatu tatu. Babu alikuwa amelima mikarafuu ya watu wengine tangu utoto. Karatasi ile aliihifadhi kwenye bati la biskuti mpaka anakufa. Ndiyo hadithi ya pilau letu. Nikamwambia pia kwamba bibi yake bibi yangu hakuja Unguja kwa hiari. Aliletwa kutoka huko Ziwa Nyasa, mtoto. Hatujui kijiji. Hatujui hata jina alilopewa na mama yake, kwa sababu alipofika alipewa jingine.

Sikuwa naomba radhi, wala sikuwa namtaka yeye aombe. Babu yangu hakumuua mtu. Yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa chini ya kitanda. Lakini kilichomfurahisha babu yangu na kilichomliza yeye kilikuwa siku moja, labda hata ardhi moja, na sisi wawili tulikuwa tumeketi juu ya zulia tukitumia lugha ile ile kukieleza.

Alikaa kimya. Mjukuu alikuwa ameacha simu yake. Alikuwa anasikiliza kila neno.

"Jikoni kwetu alikuwepo bibi mmoja," Bi Mkubwa akasema mwishowe. "Mweusi, mfupi. Ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenifundisha hiki Kiswahili ninachokisema, maana mama yangu akisema Kiarabu. Kila usiku akinipa hadithi za sungura." Akavaa tena miwani. "Sikumuuliza hata siku moja kwao wapi. Nilidhani ni wa pale pale. Kama mlango, kama kisima."

Hakuna aliyelia, mkitaka kujua. Adhana ya Magharibi ikatoka. Akasimama kwa shida, akaniambia udhu uko wapi, tukasali pamoja, watatu.

Tuliporudi kwenye zulia binti akaleta birika tena. Nilikuwa nimeshiba kahawa, moyo unakwenda mbio. Akanimiminia. Nikanywa. Akajaza tena. Sikutikisa kikombe.

Jahazi kwenye kioo

Siku ya mwisho nilikwenda Makumbusho ya Taifa, mbele ya kasri, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Ni mazuri, yana mpangilio, yanataka saa mbili au tatu. Nendeni sehemu ya bahari, penye mifano ya majahazi, kamba kwa kamba, mbao kwa mbao. Maelezo ni ya Kiarabu na Kiingereza.

Kama ningeyaona siku ya kwanza ningepiga picha nikapita. Siku ya nne nilisimama mbele ya kioo. Chombo kile kile kilileta tende na zulia, kikarudi na boriti na karafuu. Chombo kama hicho kilibeba watu waliofungwa. Tunapenda kusema Kiswahili ni lugha ya biashara, lugha ya kuunganisha watu, na hata kwenye kipindi chetu nimeyasema hayo mara nyingi. Si uongo. Ila jahazi nalo huunganisha, na inategemea ulipanda ukiwa umekaa wapi.

Nilidhani lugha ni mlango: ukiijua vizuri, umefika nyumbani. Maskati ilinifundisha kitu kidogo zaidi. Kiswahili changu kibovu kilinipa nafasi ya kukaa chini. Baada ya hapo, mazungumzo ilikuwa kazi yangu.

Nikiwa uwanja wa ndege nilimpigia Baba. Nikamsifu pilau. Kisha nikamuuliza, kwa Kiswahili, bila kupitia kwa Mama: "Baba, yule bibi aliyeletwa kutoka Nyasa, kuna mtu yeyote anayejua chochote juu yake?"

Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Hatukuuliza," akasema. "Walikuwa hawapendi kuulizwa." Kisha, baada ya muda, "Mpigie shangazi yako wa Dole. Yeye alilala chumba kimoja na bibi. Lakini mpigie haraka, keshafika miaka 88."

Nimempigia. Mtandao ulikuwa mbovu, ngeli zangu zilikuwa mbovu zaidi, na nilimsikia akitabasamu ile namna yao. Hakuwa na jina. Alikuwa na jinsi yule bibi alivyokuwa akifunga kitambaa chake kichwani, na neno moja alilowaitia kuku, neno ambalo si Kiswahili na hakuna anayejua maana yake. Nimelirekodi. Bi Mkubwa naye nimemtumia, akajibu kwa sauti: hata yule bibi wa jikoni kwao, anadhani, aliwaita kuku hivyo hivyo. Hana hakika.

Mtalisikia kwenye kipindi kijacho. Kama kwenu yupo mzee anayelijua, mpigieni leo, kisha mtutumie sauti. Na kama Kiswahili chenu kibovu, mpigieni hivyo hivyo.